Kwa Nini Kiyoyozi cha Motokaa Hulegea Gari Lisimamapo

Mazungumzo ya leo yahusu jambo ambalo pengine baadhi yenu mtalicheka mwanzoni, kwa kuwa si kila mtu ana motokaa, wala si kila motokaa ina kiyoyozi. Lakini nawaomba mnivumilie. Ndani ya jambo hili mna elimu ya joto, ya upepo na ya gesi, ambayo humfaa mwanafunzi darasani kama imfaavyo dereva barabarani. Tena mna fedha za watu zipoteazo bure, nami nimeziona zikipotea.

Mimi nakaa Kiseke, katika wilaya ya Ilemela, hapa Mwanza. Asiyeifahamu nchi yetu na ajue kwamba ni nchi ya vilima na mawe makubwa ya matale, yaliyopandana kana kwamba mtu ameyapanga kwa mkono. Mawe hayo hushika joto la jua mchana kutwa, hata jioni ukiweka kiganja juu yake utadhani ni jiko lililozimwa sasa hivi. Jua letu si kali kama la Pwani. Katika siku za Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijakolea, joto la mchana kivulini hufika nyuzi 30 hivi za Selsiasi, na mtu akikaa chini ya mwembe na upepo wa ziwa ukimpiga hana sababu ya kulalamika. Lakini motokaa iliyosimama juani na vioo vyake vimefungwa ni jambo jingine kabisa. Ndani yake joto hupita nyuzi 50, na chuma cha mkanda wa kiti chaweza kuchoma ngozi.

Jirani yangu mmoja ana gari dogo lililotumika kwanza Japani, kama yalivyo mengi ya magari yetu. Kazi yake ni kuchukua abiria kutoka uwanja wa ndege na kuwapeleka mjini. Siku moja alfajiri alinijia nyumbani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?”

“Mzee, gari limenishinda. Likienda, baridi ni tele, hata abiria huniomba nipunguze. Nikisimama tu kwenye foleni pale Pasiansi, hewa itokayo ni kama pumzi ya mtu. Nikiondoka tena, baridi inarudi. Nimekwisha tia gesi mara mbili, na leo nakwenda kutia mara ya tatu.”

Nilimwuliza fedha za kutia gesi mara ya tatu amezipata wapi. Akatazama chini, akasema ni zile alizokuwa amemwekea mwanawe kwa ajili ya sare za shule. Nikamwambia, “Usiende bado. Keti, tunywe chai kwanza.”

Sasa, kabla ya kueleza tulivyofanya, yatupasa kufahamu kiyoyozi ni nini. Watu wengi hudhani ni chombo cha kutengeneza baridi. Sivyo. Hakuna chombo duniani kitengenezacho baridi. Baridi si kitu. Ni upungufu wa joto tu. Kiyoyozi hufanya kazi moja, nayo ni kuchota joto lililomo ndani ya gari na kulimwaga nje. Mfano wake ni mvuvi aliye katika mtumbwi uvujao. Huinama na kopo lake, huchota maji yaliyoingia, akayamwaga ziwani. Mtumbwi ukiwa mkavu, si kwa sababu mvuvi ametengeneza ukavu, ila kwa sababu ameyatoa maji. Basi shikeni mfano huu, kwa maana tutaurudia. Kuna mambo mawili ambayo mvuvi huyo lazima ayafanye: achote upesi kuliko maji yaingiavyo, na ayamwage nje ya mtumbwi, si ndani.

Kopo la kiyoyozi ni gesi. Nanyi mmekwisha iona kazi yake, ijapokuwa hamkuijua. Mganga atakapo kumpiga mtoto sindano humpaka spiriti mkononi, na mtoto husikia baridi. Spiriti ile haikutoka mahali pa baridi. Ilikuwa ndani ya chupa mezani. Husikika baridi kwa sababu inakauka upesi, yaani inageuka kuwa mvuke, na kila kioevu kigeukapo kuwa mvuke hunyakua joto la kitu kilichokigusa. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia iyo hiyo. Na jambo la pili mmeliona katika pampu ya baiskeli: ukijaza gurudumu kwa haraka, pampu huwa ya moto, maana hewa ikishindiliwa hupata joto.

Kiyoyozi cha motokaa kimeunganisha mambo hayo mawili katika mzunguko usiokwisha. Gesi itumikayo katika magari mengi yetu huitwa R-134a. Ikiachwa wazi katika hewa ya usawa wa bahari, huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri, na kwa hiyo haiwezi kukaa kioevu ila imefungwa ndani ya mabomba yenye nguvu. Nyuma ya dashibodi mna sanduku dogo lenye vibomba na vibati vyembamba. Huko kioevu hicho huchemka na kuwa mvuke, hunyakua joto la hewa ya ndani ya gari, na hewa hiyo hupulizwa usoni pa abiria ikiwa imepoa. Kisha mvuke huvutwa na kompresa, ndiyo pampu izungushwayo na mkanda wa injini, ukashindiliwa hata ukawa wa moto kuliko hewa ya nje. Jambo hili huwashangaza wanafunzi: kwa nini uongezwe moto tunapotaka ubaridi? Jibu ni kwamba joto huteremka kutoka kwenye moto kwenda kwenye ubaridi, kama maji yateremkavyo mlimani. Ukitaka joto litoke katika gesi liingie katika hewa ya nje yenye nyuzi 30, ni lazima gesi iwe na nyuzi nyingi zaidi, tuseme 50 au 55.

Mvuke huo wa moto huingia katika kondensa. Hicho ni chombo kipana chembamba kilichowekwa mbele kabisa ya gari, mbele ya rejeta, ambapo upepo hukipiga. Upepo huchukua lile joto, na mvuke hugeuka tena kuwa kioevu, tayari kurudi ndani kuanza kazi upya. Kondensa ndipo mahali mvuvi wetu anapomwaga maji yake.

Hata sasa pengine mmekwisha lifahamu fumbo la jirani yangu. Gari liendapo mwendo wa kilometa 60 kwa saa, upepo mwingi huingia wenyewe kwa mbele na kuichapa kondensa. Hata kama feni ya gari imekufa, dereva hatajua. Gari lisimamapo, upepo ule hukatika mara moja. Kilichobaki ni feni peke yake. Wakati huo huo injini, iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika, hupungua hata 700 au 800, ile hali ambayo mafundi wetu huiita sailensa, na kompresa iliyofungwa kwa mkanda wake hupungua vile vile. Basi mvuvi amepatwa na mambo mawili kwa mara moja: kopo lachota pole pole, na mahali pa kumwagia pameziba. Tena jua halikupungua, na lami chini ya gari ina moto kuliko hewa yenyewe.

Kwa sababu hiyo yafaa kusema wazi kwamba kulegea kidogo si ugonjwa. Gari zima kabisa, likisimama mchana wa Oktoba, hewa yake ya kiyoyozi itapanda nyuzi tatu, nne au tano. Chukua kipimajoto kidogo, ukitie katika tundu la kutolea hewa, utazame. Kama gari likienda chasoma nyuzi 8, na likisimama kwa dakika kadhaa chasoma 12, nenda zako na amani. Lakini kama chapanda hata 20 na zaidi, hapo pana kasoro.

Sisi wa Mwanza tuna sababu moja zaidi ya kuitunza feni. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi. Feni ile ile, ikizunguka kwa mwendo ule ule, huisukumia kondensa hewa pungufu kwa uzito. Ni kama kutekea maji kwa ndoo iliyopungua ujazo kidogo. Peke yake halidhuru kitu. Likiongezwa juu ya feni iliyochoka, laonekana.

Basi tulipokwisha kunywa chai tulitoka nje. Nilimwambia jirani awashe injini, afungue kiyoyozi mpaka mwisho, nami nikachukua ukurasa mmoja wa daftari la mjukuu wangu. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, nacho hakigharimu hata senti moja. Simama mbele ya gari, uelekeze karatasi kwenye matundu ya mbele, uiachilie. Kama feni inavuta sawasawa, karatasi itanaswa na kukaa pale pale kama iliyogandishwa kwa gundi. Kama feni imekufa au inazunguka kwa uvivu, karatasi itaanguka.

Karatasi yangu haikunaswa, wala haikuanguka. Iliruka ikanipiga kifuani.

Jirani alidhani ni upepo wa asubuhi. Nikaiokota, nikairudisha, ikaruka tena. Ndipo nikaweka kiganja changu mbele ya gari, nikasikia hewa ya joto ikitoka, mahali ambapo haikupasa kutoka hewa yo yote. Nikamwuliza kama feni imepata kubadilishwa. Akasema naam, miezi mitatu iliyopita. Ile ya kwanza iliungua, na fundi mmoja wa kando ya barabara akamwekea nyingine iliyotumika.

Hapo habari yote ilikuwa wazi. Feni ya namna hii huzungushwa na mota yenye nyaya mbili, na ukizibadilisha nyaya hizo, mota huzunguka kinyume. Mabawa badala ya kuvuta hewa baridi ya mbele, yalikuwa yakisukuma hewa ya moto ya injini kuirudisha mbele, ikapita katika rejeta, ikapita katika kondensa, kisha ikamwagika nje. Gari likienda, nguvu ya upepo wa barabara iliishinda feni, na kiyoyozi kikapata nafuu. Likisimama, mvuvi alikuwa akiyamwaga maji yake ndani ya mtumbwi.

Na ile gesi aliyotiwa mara mbili? Ilizidisha ugonjwa. Gesi ikiwa nyingi kupita kipimo, kioevu hujaa sehemu ya chini ya kondensa, na nafasi ya mvuke kupoa hupungua. Mkandamizo hupanda sana, kompresa hutaabika, na katika magari mengi kuna swichi ya usalama ambayo huizima kompresa mkandamizo ukipita kiasi. Hapo hewa huwa ya joto kabisa, na mwenye gari hudhani gesi imekwisha. Nimewajua watu walioendelea katika kosa hili mpaka kompresa ikafa. Sitaki kuwalaumu mafundi wote. Wako waaminifu na wenye akili nyingi. Lakini atiaye gesi bila kupima kwanza amefanana na mganga ampaye kila mgonjwa dawa ya malaria, hata aliyevunjika mguu.

Jambo lililonitia hofu zaidi halikuwa kiyoyozi. Feni ile ndiyo hiyo hiyo inayoipoza rejeta. Katika magari mengi madogo kuna feni mbili zikaazo pamoja, nyingine zina moja tu, na kazi ya kuipoza injini na ya kukipoza kiyoyozi hutegemeana. Hewa ya kiyoyozi iliyoharibika gari lisimamapo ni onyo la kwanza. Onyo la pili ni mshale wa joto la injini kupanda. La tatu ni mvuke chini ya boneti, na hapo gasketi ya silinda hedi yaweza kuwa imekwisha ungua, na gharama yake hailingani na ya gesi hata kidogo. Jirani alikuwa akiendesha kati ya onyo la kwanza na la pili kwa miezi mitatu, huku akinunua gesi.

Sasa nieleze vipimo vingine, kwa kuwa si kila gari litakuwa na kasoro ya jirani yangu; hiyo ni ya nadra. Zilizo za kawaida ni feni isiyozunguka kabisa, fyuzi iliyokatika, rilei iliyoungua, na feni izungukayo kwa mwendo mdogo tu kwa sababu njia ya mwendo mkubwa imekatika. Tazama na usikilize. Ukifungua kiyoyozi, feni yapasa kuanza baada ya muda mfupi, nawe utaisikia. Lakini usitie mkono wako. Feni za umeme zaweza kuanza ghafula hata injini ikiwa imezimwa, nazo hazijui tofauti ya kidole na hewa. Wala usifungue kifuniko cha rejeta iliyo moto.

Kipimo cha pili ni maji. Ikiwa karatasi imenaswa vizuri lakini baridi bado haba, chukua chupa ya maji safi, umwagie kondensa kwa mbele pole pole, gari likiwa limesimama na kiyoyozi kinafanya kazi. Usimwagie injini iliyo moto. Mtu mwingine akae ndani na kipimajoto. Kama katika dakika moja au mbili hewa ya ndani yapoa kwa dhahiri, umepata jibu: gesi na kompresa si wabaya, ila joto halipati wa kulichukua. Hapo angalia uchafu.

Na uchafu wa huku kwetu una sura yake. Barabara nyingi za Kiseke na Buswelu zilikuwa za vumbi kwa miaka mingi, na baadhi ni za vumbi hata leo. Tena ziwa hutuletea wale wadudu wadogo wasiouma, wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa shamba lichomwalo. Mgeni akiwaona kwa mbali hudhani meli inaungua. Motokaa ikipita katika wingu lile, wadudu hunaswa kwa maelfu kati ya vibati vya kondensa. Vumbi huja juu yao, mvua kidogo huvigandisha, na baada ya msimu mmoja imekuwa kama mtu ameukandika ukuta kwa udongo. Kwa nje mara nyingi haionekani, maana uchafu mbaya hukaa katika pengo kati ya kondensa na rejeta. Osha kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele kama nafasi iko, ili uchafu urudi ulikotoka. Ukitumia mashine ya kuoshea yenye nguvu nyingi utavilaza vibati vyote, nawe utakuwa umeziba ulipotaka kuzibua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijali ni vile vipande vya plastiki na sponji vilivyowekwa na watengenezaji kandokando ya rejeta na chini ya injini. Gari likigonga kijiwe mara mbili tatu, kipande cha chini hukatika, na mwenyewe hufurahi kwamba gari limepungua uzito. Lakini vipande hivyo havikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuizuia hewa ya moto ya injini isizunguke chini na pembeni na kurudi mbele ili ivutwe tena na feni. Mwendoni havina shida kubwa. Gari lisimamapo ndipo pengo lao huonekana. Fungeni hata kwa bati jepesi.

Magari makubwa kama Land Cruiser za zamani yana habari nyingine. Feni yake haina umeme. Huzungushwa na injini yenyewe kwa njia ya kilachi chenye mafuta mazito ndani yake, ambacho hushika kikipata joto na kuachia kikipoa. Mafuta hayo yakivuja au yakichoka, feni huzunguka kivivu tu. Kwa gari la namna hii karatasi huanguka, na ukiongeza mwendo wa injini hewa yapoa kidogo. Kasoro hii huwadanganya wengi, kwa kuwa jicho laona feni inazunguka. Kuzunguka si kuvuta.

Ikiwa karatasi imenaswa, na maji hayakuleta tofauti, basi kipimo cha tatu ni kuongeza mwendo wa injini gari likiwa limesimama, hata mizunguko 1,500 kwa dakika. Kama baridi yarudi, shaka inaelekea kwa kompresa iliyochakaa, au mkanda unaoteleza, au gesi iliyopungua kweli. Hapo mpelekee fundi mwenye geji mbili, si mwenye chupa ya gesi peke yake. Katika joto kama letu, upande wa chini husoma kadiri ya ratli 30 hata 40 kwa kila inchi ya mraba, na upande wa juu karibu na 200. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua, nayo haipungui bila tundu. Tundu litafutwe kwanza. Zote mbili zikiwa juu, ama gesi imezidi ama upepo umekosekana. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa imechoka. Mwombeni fundi awasomee geji mbele ya macho yenu. Aliye na ujuzi hataona haya.

Hapa niseme neno juu ya gesi yenyewe. Zamani magari yalitumia gesi nyingine, R-12, ambayo iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni lituzuialo miali mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuiacha. R-134a haina kosa hilo, lakini kilo moja yake ikitoka hewani hushika joto la dunia kama kilo zaidi ya elfu moja za hewa ya ukaa. Kwa hiyo mwaka 2016, katika mji wa Kigali ulio jirani yetu, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za jamaa hii pia. Basi fundi afunguaye bomba na kuiacha gesi ipige mluzi hewani amekosa mara mbili, kwako na kwa jirani zako. Nimesikia pia wako watu watiao gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Hupoza kweli, lakini ni moto mliojifungia nao ndani ya gari. Ikivuja nyuma ya dashibodi, cheche moja yatosha.

Motokaa ya kwanza kuuzwa na kiyoyozi kutoka kiwandani ilikuwa ya kampuni ya Packard ya Marekani, iliyoonyeshwa mwaka 1939. Kiyoyozi chake kilikaa nyuma katika buti, na kompresa yake haikuwa na kilachi: dereva aliyeona baridi alilazimika kusimama, azime injini, afungue boneti, na kuutoa mkanda kwa mikono yake. Nawaambia haya ili mjue kwamba shida za chombo hiki hazikuanza Mwanza.

Kwa wale mngojao kivuko, au mlio katika foleni ndefu, yako mambo machache ya kusaidia. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, nami nilikuwa nikisimama Kigongo pamoja na wengine, injini zikinguruma mstari mzima, kila gari likipuliza moto wake kwenye pua ya gari la nyuma. Kamanga foleni bado ziko. Acha nafasi mbele yako. Tumia kitufe cha kuizungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje, maana hewa iliyokwisha poa ni rahisi kupozwa tena. Gari lililokaa juani lifunguliwe milango kwanza, joto litoke lenyewe, ndipo kiyoyozi kianze. Na kama mshale wa joto la injini unapanda, zima kiyoyozi mara moja, ufungue vioo, utoe jasho kama sisi wengine. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache, awe na kiyoyozi au asiwe nacho. Injini yaweza kuzimika yenyewe, na joto la ndani hupanda upesi kuliko mtu adhanivyo.

Nirudi kwa jirani. Tulikwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alizima injini, akachomoa plagi ya feni, akabadilisha nyaya mbili, akaifunga. Kazi yote haikufika nusu saa. Tulipowasha, nikaiachilia karatasi, ikanaswa. Lakini baridi ilikuja nusu tu, kama nilivyotazamia. Fundi akaonyesha kidole chini ya boneti kwenye kibandiko kidogo cha Kijapani. Maandishi hatukuyajua, lakini tarakimu husomwa na kila mtu: gramu 450. Akaunganisha mashine yake, akaivuta gesi yote, akaipima. Zilikuwa gramu 700 na kitu. Akarudisha 450, akafunga.

Saa saba mchana tulisimama makusudi juani, kipimajoto kikiwa katika tundu la hewa. Kilisoma nyuzi 11, kikakaa hapo. Fedha alizotoa siku ile zilikuwa chini ya nusu ya zile alizokusudia kununulia gesi, na kilichosalia alikwenda nacho moja kwa moja kwa fundi cherehani.